Sapu ya sayansi ya bahari: jinsi ya kujisomea Tanga kwa siku 12

Ukurasa wa mikondo ya bahari niliusoma mara nne kibarazani kwetu Ngamiani, na mara zote nne nilifika mwisho nikiwa sikumbuki mwanzo ulisema nini. Kalamu ya njano ilishapita kila mahali mpaka maneno yasiyopakwa rangi ndiyo yaliyokuwa yanaonekana ya maana. Mama mkubwa akatoka ndani na ndoo yake na kile chuma chembamba cha kuchokolea pweza, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, si wewe unayesomea mambo ya bahari?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Haya nambie. Mwezi ni mmoja, na uko upande mmoja tu. Mbona maji yajaa mara mbili kwa siku?"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza. Mwaka wa pili chuoni, sapu shingoni, yaani mtihani wa kurudia, na mchoro wa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nimeuchora mara kumi kwenye daftari, ile duara ya dunia na mwezi pembeni. Jibu sina. Mama mkubwa akaniangalia kwa huruma, akasema, "Haya, soma, soma," akaenda zake pwani.

Yanayofuata ni niliyoyafanya kuanzia jioni ile. Mifano yangu ni ya Tanga kwa sababu ndiko nilikokuwa, ila mtu wa Bagamoyo au Kilwa hatapata shida, bahari ni hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: funga madesa (notisi za chuo), chukua karatasi tupu

Kabla hujasoma neno hata moja, andika mada zote za kozi kwenye karatasi moja kwa kutazama mtaala tu. Zangu zilikuwa kumi na moja: kuundwa kwa sakafu ya bahari, kemia ya maji ya bahari, joto na msongamano, mwanga na sauti, mawimbi, kujaa na kupwa, upepo na mikondo, uzalishaji wa viumbe, matumbawe, mikoko na nyasi bahari, na mabadiliko ya tabianchi.

Sasa kwa kila mada jipe dakika tano. Andika yote unayoyajua bila kuchungulia. Ukimaliza, zigawe mada mafungu matatu: ninazoweza kumweleza mtu, ninazozitambua nikiziona, na nisizozijua kabisa.

Fungu la kati ndilo lililonipa sapu. Mada usiyoijua haikudanganyi, unajua huijui. Lakini ile unayoitambua inakupa raha ya uongo: ukifungua desa unasema "aa, hii naijua", unafunga, unakwenda kunywa kahawa. Kwenye chumba cha mtihani hakuna desa la kukukumbusha. Mimi nilikuwa na mada saba humo. Kujaa na kupwa ilikuwemo, na ndiyo niliyokuwa najivunia.

Kwa hiyo anza na fungu la kati, kisha la tatu. La kwanza ligusie tu.

Hatua ya pili: hesabu siku kwa kurudi nyuma

Fupi hii. Siku ya mwisho si ya kusoma kitu kipya, iondoe. Siku mbili kabla yake ni za mitihani iliyopita, ziondoe. Zilizobaki zigawie mada, na kila mada irudi angalau mara mbili: ukiisoma leo, ijaribu tena keshokutwa kwa karatasi tupu, halafu tena baada ya wiki. Marudio ya pili yatakuuma, maana utakuta nusu imeshatoka. Kusahau kule ndiyo kazi yenyewe. Ukilivuta jambo kutoka kichwani kwa shida mara mbili tatu linakaa, na ukilisoma mara kumi kwa raha linapita.

Usijiwekee saa kumi kwa siku. Kwa joto la Tanga, mchana wa saa saba mpaka tisa hakuna anayesoma, kuna wanaolalia madaftari. Nilisoma alfajiri mpaka saa nne, na jioni baada ya magharibi.

Hatua ya tatu: chukua mada moja uifuate mpaka baharini

Hapa nitakaa sana. Nitakuonyesha kwa mada ya kujaa na kupwa, nawe ufanye hivyo hivyo kwa nyingine.

Siku iliyofuata ilikuwa bamvua kweli. Nikachukua daftari, saa, na futi kamba ya fundi jirani, nikaenda kukaa kwenye ngazi za saruji zinazoshuka majini upande wa Raskazone. Kila ngazi ilikuwa na sentimita 18. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa kwenye saa tano asubuhi. Ukiwa mwenyeji wa pwani hii utagundua kwamba bamvua ikifika, kupwa kwa asubuhi huangukia saa hizo hizo, na ndiyo maana akina mama wachokoa pweza huwa mwambani muda huo.

Saa ya kwanza maji hayakumaliza hata ngazi mbili. Nikafikiri nimekosea. Saa ya pili yakapanda zaidi ya tatu. Saa ya tatu yakameza ngazi tano, na ya nne tano tena. Kijana mmoja aliyekuwa anashona nyavu juu yangu akauliza, "Kaka, wahesabu nini, ngazi zimeibiwa?" Baada ya hapo mwendo ukapungua, na saa ya mwisho ikawa kama ya kwanza.

Nilikuwa nimeiona kwa macho kanuni ya sehemu kumi na mbili, ambayo kwenye desa ilikuwa jedwali la kukariri. Tofauti ya kupwa na kujaa igawe sehemu 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ile tofauti ilikuwa mita 3.6, kwa hiyo sehemu moja ni mita 0.3: saa ya kwanza mita 0.3, ya tatu mita 0.9. Gawanya 0.9 kwa 0.18 upate ngazi tano. Ni kanuni ya makadirio tu, na ukiitumia kwenye mtihani sema hivyo.

Sasa swali la mama mkubwa.

Mwezi unaivuta dunia nzima, lakini hauivuti sawasawa, kwa kuwa mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Upande unaoutazama mwezi uko karibu nao kuliko kitovu cha dunia kwa kama kilomita 6,400, na upande wa nyuma uko mbali zaidi kwa kiasi hicho hicho. Fikiria watoto watatu wanakimbilia maandazi. Wa mbele ana mbio kumzidi wa kati, na wa nyuma ni mzito kuliko wote. Wote wanakwenda upande mmoja. Lakini muulize yule wa kati anachokiona: wa mbele anamkimbia, wa nyuma anaachwa. Nafasi inafunguka pande zote mbili. Wa kati ndiye kitovu cha dunia, na zile nafasi mbili ndizo nundu mbili za maji, moja chini ya mwezi na moja upande wa pili. Dunia inapojizungusha, Tanga inapita kwenye nundu zote mbili, na maji yanajaa mara mbili.

Kosa langu na la wenzangu wengi lilikuwa kuandika kwamba mwezi unayavuta maji juu, kisha tunakwama kwenye nundu ya pili na kuanza kutunga. Sentensi inayobeba alama ni ile inayotaja tofauti ya mvuto kati ya upande wa mbele, kitovu na upande wa nyuma.

Ukishaishika hiyo, mengine yanafuata bila kukaririwa:

Kwa nini maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku? Kwa sababu wakati dunia inajizungusha mara moja, mwezi nao umesogea mbele kwenye njia yake, na Tanga inahitaji dakika hizo kuufikia tena. Siku ya mwezi ni saa 24 na dakika 50, nusu yake ni saa 12 na dakika 25, na huo ndio muda kati ya kujaa na kujaa.

Kwa nini bamvua? Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zinajumlika. Nusu mwezi, vinavuta kwa pembe mraba, na tunapata maji mafu. Pwani ya Tanga tofauti hiyo haifichiki: bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, maji mafu yakasogea kama mita 1 tu.

Na jua, kwa ukubwa wake wote, mbona halishindi mwezi? Nguvu ya kujaza maji hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inabaki moja ya nane. Jua liko mbali mno, mchango wake ni kama asilimia 46 ya ule wa mwezi.

Mada nzima imetoka kwenye swali moja la mwanamke mwenye ndoo. Kwa kila mada tafuta swali la namna hiyo, ambalo mtu asiye na desa angeuliza, usitulie mpaka ulijibu.

Hatua ya nne: eleza kwa Kiswahili kwanza, andika kwa Kiingereza baadaye

Mtihani wetu uko kwa Kiingereza, na wengi tunadhani basi hata kufikiri tufikiri kwa Kiingereza. Matokeo yake tunakariri sentensi za mhadhiri kama dua. Mimi nilifanya hivi: naeleza mada kwa sauti kwa Kiswahili cha nyumbani mpaka inyooke, halafu ndipo naandika jibu kwa lugha ya mtihani. Ukikwama kwenye Kiswahili, hujaelewa. Ukinyooka kwenye Kiswahili na kukwama kwenye Kiingereza, umekosa msamiati tu, na hilo ni tatizo dogo, linatibika kwa kadi thelathini.

Pwani hii ina maneno yake ya kazi, tena mengine yamebeba sayansi tayari. Kusi, kaskazi, matlai, umande, bamvua, maji mafu, kilindi, mwamba, mkondo. Mvuvi hawezi kuvichanganya bamvua na maji mafu hata umwamshe usiku, wakati mimi nilivichanganya kwenye jaribio la kwanza kwa sababu nilikuwa nakariri majina ya kigeni yasiyo na picha yoyote kichwani.

Lakini chunga mitego. Mwani si nyasi bahari. Mwani, kama ule unaolimwa kwenye kamba pwani za Tanga na Bagamoyo, hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi bahari ni mimea kamili inayotoa maua chini ya maji. Mtahini anapouliza tofauti zake hapo ndipo anapovuna watu. Mkondo nao kwetu hutumika kwa maji yanayokimbia wakati wa kujaa na kupwa na pia kwa mikondo mikubwa ya bahari kuu, na jibu lako lieleze unazungumzia upi.

Mtego wa tatu uliniponza mwenyewe: upepo huitwa kwa unakotoka, mkondo huitwa kwa unakokwenda. Kusi hutoka kusini. Mkondo ukisemwa ni wa kaskazini, unaelekea kaskazini. Niliandika kinyume, na mishale yote ya ramani ikageuka.

Hatua ya tano: chora ramani bila kuangalia, hata kama unachora vibaya

Mada ya upepo na mikondo haisomeki, inachorwa. Chora pwani kutoka Msumbiji hadi Somalia kwa kalamu ya risasi, weka mstari wa ikweta, weka Tanga kwenye nyuzi 5 kusini. Kisha ongeza mishale kwa kumbukumbu, fungua desa, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho yake anza upya. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu tupu. Ya nne ilikuwa na doa moja.

Hivi ndivyo vitu vya kuweka. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupita mbele yetu ukielekea kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba, unakimbia sana na kuungana na mkondo wa Somalia kuendelea kaskazini. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Novemba au Desemba mpaka Machi, mkondo wa Somalia unageuka na kushuka kusini, unakutana na wa kwetu, na maji yote hayo yanapinda kwenda mashariki katikati ya bahari. Wa kwetu wenyewe haugeuki, unapunguza mwendo tu. Wanafunzi wengi huandika kwamba yote miwili hugeuka. Hapana.

Halafu swali ambalo binafsi nalipenda kuliko yote kwenye kozi: kusi ile ile inavuma pwani ya Somalia na pwani ya Tanga, mbona Somalia maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka vilindini na huku kwetu hapana?

Jibu liko kwenye mzunguko wa dunia. Kaskazini ya ikweta kitu kinachokwenda hupindishwa kulia kwake, kusini ya ikweta hupindishwa kushoto. Kwa jumla, maji ya juu yanayosukumwa na upepo huishia kwenda pembe mraba na upepo huo. Simama pwani ya Somalia, upepo ukupige mgongoni huku unatazama kaskazini mashariki: kulia kwako ni bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka pwani, na ya chini yanapanda kuziba pengo. Sasa simama Tanga, kusi mgongoni, unatazama kaskazini: uko kusini ya ikweta, maji yanapelekwa kushoto kwako, na kushoto ni nchi kavu. Maji yanarundikana pwani badala ya kuondoka, hayapandi. Fanya hivyo kwa mwili wako, simama, nyoosha mkono. Nilifanya ufukweni mbele ya watoto waliokuwa wanacheza mpira, wakafikiri naadhini. Lakini sijakosea mshale tena.

Hatua ya sita: namba chache, zenye vipimo, na uzipigie hesabu

Usikariri namba mia. Tafuta kama kumi na tano zinazofungua maswali mengi. Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Lita moja ya maji hayo ina uzito wa kama kilo 1.025, kwa hiyo usichanganye gramu kwa kilo na gramu kwa lita. Kloridi ni kama asilimia 55 ya chumvi hiyo na sodiamu kama 31. Kila mita 10 ukishuka, shinikizo huongezeka kwa angahewa moja. Sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Wastani wa kina cha bahari za dunia ni kama mita 3,700. Ukanda wenye mwanga wa kutosha huishia kama mita 200, ingawa maji yakiwa na tope, kama mdomoni mwa Mto Pangani baada ya masika, mwanga unakufa mapema zaidi.

Namba isiyopigiwa hesabu hutoka kichwani. Chukua mawimbi ya tsunami. Kasi yake ni kipeuo cha pili cha mvutano mara kina, yaani unazidisha 9.8 kwa kina cha maji kisha unatafuta kipeuo cha pili. Kina kikiwa mita 4,000, unapata 39,200, na kipeuo chake cha pili ni kama mita 198 kwa sekunde, karibu kilomita 710 kwa saa. Kutoka Sumatra mpaka kwetu ni kama kilomita 6,300. Gawanya: karibu saa tisa. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakafika pwani ya Tanzania mchana wa siku hiyo hiyo, na watu walikufa. Sasa weka kina cha mita 10: kasi inashuka mpaka kama mita 10 kwa sekunde. Nyuma maji yanakuja mbio, mbele yamepunguza mwendo, ndipo wimbi linapopanda juu. Hapo umejibu na sehemu ya pili ya swali kabla haijaulizwa.

Nyingine ni ya tindikali. Ukisoma kwamba pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1 tangu enzi za kabla ya viwanda, unaona ni kitu kidogo. Kipimo hicho ni cha logi: 10 kwa kipeo cha 0.1 ni 1.26. Ayoni za haidrojeni zimeongezeka kwa kama asilimia 26. Andika hesabu hiyo, mtahini ataona umeielewa.

Hatua ya saba: viumbe, ukiwa na mtu anayevijua

Mikoko niliisoma kwa miguu. Ukiingia kutoka upande wa bahari maji yakiwa yamekupwa, mara nyingi utaanza na mlilana, ambao mizizi yake ya kupumulia inachomoza matopeni kama misumari minene. Ndani zaidi na kandokando ya vijito utakutana na mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama magongo marefu. Kisha mkandaa, na ukikaribia nchi kavu mchu, ingawa mchu una tabia ya kutokea mahali pengi. Kwa kila mti jiulize maswali mawili: unapumuaje kwenye tope lisilo na oksijeni, na chumvi unaipeleka wapi? Mchu ukilamba jani lake utaonja jibu, una tezi za kutolea chumvi. Majina ya kisayansi yaandike mbele ya jina la Kiswahili, upande mmoja wa kadi hili, upande mwingine lile.

Matumbawe: shika kwamba ni mnyama anayeishi na mwani mdogo sana mwilini mwake, na kwamba joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa kama nyuzi 1 kwa wiki kadhaa, wanatengana na matumbawe yanapauka. Kupauka si kufa papo hapo. Joto likirudi mapema yanaweza kupona, na nusu ya darasa letu ilipoteza alama hapo. Mfano wa kutaja ni mwaka 1998, El Nino ilipopausha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi, yakiwemo ya kwetu.

Na silikanti. Najua, ukiwa wa Tanga unataka kumwingiza kila jibu. Samaki aliyedhaniwa katoweka tangu zama za dinosaria, akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia 2003 akawa ananaswa kwenye majarife ya kilindini hapa Tanzania, mpaka hifadhi ya bahari yenye jina lake ikatangazwa mwaka 2009. Kwenye swali la uhifadhi au la athari za nyavu za kina kirefu, mtaje. Kwenye swali la uzalishaji wa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, mwache apumzike.

Hatua ya nane: mitihani iliyopita, kwa saa

Jifungie, weka simu kwa mtu mwingine, jipe muda ule ule wa mtihani. Angalia kitenzi cha swali. Ukiambiwa taja, taja. Ukiambiwa eleza kwa nini, sababu ndiyo jibu, na orodha haikusaidii. Ukiambiwa linganisha, kila sentensi iwe na pande mbili. Swali la alama sita linataka hoja kama sita, halitaki kurasa tatu. Mchoro usio na majina ya sehemu zake ni pambo.

Sahihisha mwenyewe kwa ukali, halafu mpe mwenzako asahihishe, atakuwa mkali zaidi. Kama hakuna mwenzako karibu, mpigie simu mmoja jioni umweleze mada moja kwa dakika kumi. Akisema "sijakuelewa", usimlaumu.

Siku moja kabla

Siku ya kumi na moja mama mkubwa alirudi kutoka pwani na pweza wawili, akakaa kibarazani kuwapigapiga walainike. Nikamwambia habari ya watoto watatu na maandazi. Akasikiliza mpaka mwisho, akapiga pweza mara mbili, akauliza, "Na huyo wa nyuma, maandazi apata?" Nikaandika swali lake pembeni ya daftari, maana sijui mtahini angeuliza nini.

Kama chuo kiko Dar es Salaam, usisafiri siku ya mtihani. Kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze foleni moja tu inatosha kukuharibia miezi yote. Panda basi la asubuhi siku moja kabla, kadi zako za namba mfukoni, ukifika oga ule ulale mapema. Kitambulisho na kikokotoo viweke kwenye begi usiku, na kikokotoo kijaribu kwanza kutafuta kipeuo cha pili cha 39,200. Kikileta 198, betri nzima.